Zimwi Halina Hatimiliki

Ipo itikadi iliyoenea sana miongoni mwa wasomaji wa hadithi za katuni, nami huisikia kila ninapoketi na vijana wanaoazimana vitabu hivyo hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Kirumba, ya kwamba hadithi ya kutisha ni mali ya yule aliyeitunga kwanza, na kwamba mfululizo uliokoma ukafufuliwa kwa kalamu ya mtu mwingine si chochote ila maiti iliyovishwa nguo mpya. Husemwa kwa sauti ya mtu anayetetea haki ya mnyonge, na kwa sababu hiyo hata watu wenye insafu huikubali bila kuipima. Mimi naiona kuwa ni taasubi, tena taasubi yenye madhara, kwa maana humhukumu mwandishi kabla ya kumsoma.

Na tuanze na jitu la kinamasi, Swamp Thing, ambalo wenye itikadi hiyo wenyewe hulitaja kwa mahaba. Lilitungwa na Len Wein na kuchorwa na Bernie Wrightson, likatokea mara ya kwanza mwaka 1971 katika House of Secrets, gazeti la kampuni ya DC ya Marekani. Likapata mfululizo wake mwaka uliofuata, nao ukafa mwaka 1976. Ulipofufuliwa mwaka 1982 alipewa Martin Pasko, na baada yake ukaangukia mikononi mwa Mwingereza mmoja ambaye Wamarekani wengi walikuwa hawajamsikia, Alan Moore. Katika toleo la 21, la Februari 1984, Moore alitenda jambo ambalo kwa sheria ya wasomaji wetu lingestahili adhabu kali: alimleta mtaalamu wa mimea akaupasua mwili wa jitu lile, akakuta mapafu yasiyoweza kuvuta pumzi, moyo usioweza kusukuma damu, na ubongo ambao si ubongo, bali majani na nyuzi za mmea zilizoiga sura ya viungo vya binadamu. Kumbe yule mwanasayansi Alec Holland, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi wasomaji walisadiki kwamba amegeuka jitu na siku moja ataponywa, alikuwa amekwisha kufa tangu mwanzo, na kilichokuwa kikitembea kinamasini ni mmea uliojidhania kuwa mtu. Moore hakufuta hata picha moja ya waliomtangulia. Aliziacha zote mahali pake, akazibadilisha maana. Na mhariri aliyemkabidhi kazi hiyo alikuwa nani? Alikuwa Len Wein, mtungaji mwenyewe, ambaye kwa hakika alikuwa na haki ya wivu kuliko msomaji yeyote wa Kirumba.

Akaja John Constantine, yule mchawi wa Kiingereza asiyetoa sigara mdomoni, aliyezaliwa ndani ya kurasa za jitu hilohilo mwaka 1985. Mfululizo wake, Hellblazer, ulianza mwaka 1988 chini ya Jamie Delano, ambaye siye aliyemtunga; wakafuata Garth Ennis, Paul Jenkins, Warren Ellis, Brian Azzarello, Mike Carey, Denise Mina, Andy Diggle na Peter Milligan, hata ukafika toleo la 300 mwaka 2013. Ulipofufuliwa tena mwaka 2019 kwa kalamu ya Simon Spurrier na kukatizwa baada ya matoleo 12, wasomaji walilalama mno. Walimlilia nani? Walimlilia mrithi wa warithi, mtu ambaye kwa kanuni yao wenyewe hakupaswa hata kushika kalamu.

Hadithi ya kutisha, kuliko hadithi ya mapenzi au ya upelelezi, ndiyo inayohitaji mikono mingi, na sababu yake imo katika methali tunayoitamka kila siku: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtungaji anayekaa na zimwi lake miaka ishirini huishia kulizoea, na msomaji hulizoea pamoja naye. Hujua litatokea ukurasa gani, litaguna vipi, litamwacha nani hai. Hofu ikishazoeleka si hofu tena, ni udugu. Mrithi halijui zimwi lile kwa ndani, amelirithi kama mgeni anavyorithi nyumba ya watu, na ugeni wake ndio unaoirudisha hofu. Anachokililia msomaji wetu mara nyingi si mwandishi wa kwanza, bali umri wake mwenyewe wa miaka kumi na miwili, aliposoma kwa kibatari huku akiogopa kwenda uani. Na umri huo hakuna kampuni iwezayo kuufufua.

Sisi wa ufuko huu wa Ziwa Viktoria tulipaswa kuwa watu wa mwisho kudanganyika, maana tumelelewa na Shing'weng'we. Wasukuma husimulia jinsi zimwi hilo lilivyomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, naye alipokua akauliza walikokwenda wengine, akatoka kuwinda, akirudi kila mara na kidudu au mnyama kumwuliza mama yake kama huyo ndiye Shing'weng'we, hata siku moja akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Katika kupasua, kisu chake kikakata sikio la bibi kizee mmoja, na bibi huyo, badala ya kushukuru, akakasirika na kuazimia kumdhuru mwokozi wake. Hapo ndipo penye kutisha kweli, kwenye ghadhabu ya aliyeokolewa, si kwenye meno ya zimwi! Wako makatekista waliomfananisha Masala na Masihi, na wako wasimulizi wanaolipitia sikio lile haraka ili wafike kwenye utawala aliopewa kijana. Hakuna aliyewahi kumdai msimulizi hati ya umiliki.

Hata katika magazeti yetu mambo yalikuwa hivyo. Sani, lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilikuwa la kuchekesha zaidi kuliko kutisha, lakini wahusika aliowachora marehemu Philip Ndunguru hawakuzikwa pamoja naye. Wachoraji wengine waliwaendeleza. Nimemwona kijana pale Mwaloni, ameketi juu ya gunia la dagaa, akisoma nakala kuukuu isiyo na jalada, akicheka peke yake hata wapakizi wakamgeukia. Jalada lilikwisha kung'oka pamoja na majina ya wenye kazi, naye hakuwa na habari amcheke nani kwa uaminifu zaidi.

Watanijibu kwamba ziko fufua-fufua mbovu, nami sikatai. Walakini wamshike mkosaji. Mwaka 1989 Rick Veitch, aliyempokea Moore, aliandika toleo lililolipeleka jitu la kinamasi zama za Yesu. Kampuni ikakataa kulichapa, naye akajiuzulu. Mfululizo ulijeruhiwa pale na woga wa ofisi, wakati mrithi alipokuwa akifanya kazi yake. Anayetaka kugomba na agombe na wenye kiwanda, wabadilishao waandishi kwa hesabu za mauzo na kuwafunga mikono wakiwa kazini.

Mimi ningependa kumwona mchoraji wa hapahapa Mwanza akimfungulia Shing'weng'we mfululizo, aanze na sikio la yule kizee, na akichoka ampishe mwingine. Na barua ya kwanza ya kulalamika kwamba bibi hakusimulia hivyo itakapofika, nitaisoma kwa furaha, kisha nitamwuliza mwandikaji wake kwamba bibi yake naye alisimuliwa na nani.