Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya wa Kitui na Makueni: Picha kwanza, koleo baadaye

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, ingawa nusu ya taya langu bado haijaafiki salamu hizi. Nawaandikia ng'ambo zote mbili za mto Athi kwa sababu hospitali iliyonitenda siitaji, na sisi wa kando ya mto hutibiwa popote matatu inapotushusha: leo Kibwezi, kesho Mutomo. Mwenye mzigo wake ataujua.

Gego la chini lilikuwa likiniuma kidogo. Daktari akabonyeza ufizi, akasema litoke. Nikauliza kuhusu picha. Nikajibiwa kwamba mashine ya eksirei ya meno haifanyi kazi, na jino ni jino tu. Likang'olewa bila picha.

Shimo halikufunga. Lilitoa usaha wiki nenda wiki rudi, dawa zikibadilishwa kila nikirudi. Kisha, nikisukutua kwa maji ya chumvi, kikaanguka kipande kigumu cha manjano chafu, kimetoboka-toboka kama chokaa iliyoliwa na maji. Nikakiweka juu ya karatasi nikakitazama. Ulikuwa mfupa wangu.

Picha nilipigiwa Nairobi. Ilionyesha mabaka meupe, mazito, pande zote mbili za taya la chini, penye mizizi ya meno. Si saratani. Hali hiyo inaitwa displasia ya semento na mfupa, na huwapata zaidi wanawake weusi wa umri wa makamo, yaani wale wanaojaza benchi zenu. Mfupa wa kawaida hugeuka nyuzinyuzi, kisha tishu ngumu isiyopata damu ya kutosha. Ukiuacha, mara nyingi haukusumbui kamwe. Ukiuchokoza kwa kung'oa jino, vijidudu huingia na kidonda hukataa kupona. Tiba yangu ilikuwa kuachwa: nisafishe meno, nifuatiliwe kwa picha. Kumbe kilichokosekana ni picha tu.

Ugonjwa huu una ndugu zake. Displasia ya nyuzi humvimbisha mtoto shavu polepole na mara nyingi hutulia akishabalehe. Fibroma ya mfupa haingoji, hutolewa kwa upasuaji. Ukizipapasa kwa kidole, zote ni uvimbe tu. Vijijini mwenye uvimbe huo huambiwa amerogwa, nanyi mnatusuta kwa ushirikina. Basi mganga angalau hupiga ramli kwanza. Hospitali yenu haikupiga hata picha.

Nauli, mshahara uliokatwa, kufundisha na leso mdomoni: hayo nayameza.

Mashine yenyewe niliiona. Imefunikwa shuka safi, haina vumbi hata chembe. Hongereni, imetunzwa kuliko taya langu. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kuzikodishia kaunti vifaa vya hospitali kwa mabilioni, vya eksirei vikiwemo. Makueni ilisifiwa nchi nzima kwa mpango wake wa 2016 wa matibabu kwa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, na sifa hizo zilikuwa halali. Ila kadi ya mpango haipigi eksirei. Kifaa kikija kuna hema, viti na hotuba. Kikiharibika, fundi haalikwi. Ndivyo visima vyetu, ndivyo ambulensi zilizopandishwa juu ya mawe, na ndivyo mtakavyoendelea mpaka tuache kuwapigia makofi kwenye uzinduzi.

Naomba, na hapa adabu inanichosha: mtu aliyevimba taya, au mwanamke wa makamo mwenye maumivu yasiyoeleweka, asing'olewe jino bila picha. Fundi alipwe. Na mpaka alipwe, libandikwe tangazo langoni kila asubuhi, kwa Kikamba na kwa Kiswahili: leo picha hakuna. Tutapanda matatu ya Nairobi tukiwa bado na mifupa yetu.

Ni mimi,
Mwalimu, kando ya Athi