Jipe moyo, halafu?

Wiki iliyopita mwandishi mwenzangu alisimamishwa kazi. Wakubwa wanasema alipokea bahasha ili aandike habari fulani. Siku hiyo tulikuwa wote, na najua hakupokea kitu. Nikamtumia ujumbe: "Pole kaka, jipe moyo." Nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea na stori yangu. Nilijiona nimeshamtia moyo.

Jumapili mhubiri akalitaja neno la Kigiriki, parakaleo. Nikaenda kulichimba. Para ni kando, kaleo ni kuita: kumwita mtu aje kando yako. Katika Biblia yetu ya Union Version, Warumi 12:1 ni kusihi, na 1 Wathesalonike 4:18 ni kufarijiana. Ndugu yake, parakletos, katika Yohana 14:16 ni Msaidizi, na katika 1 Yohana 2:1 ni Mwombezi. Kwa Wagiriki parakletos aliweza kuwa mtu aliyeitwa asimame upande wako mbele ya mahakama.

Najua, ndugu msomaji, neno halipati maana kwa kukatwa vipande tu. Mwanasesere si mwana wa mtu! Basi tumtazame mtu aliyepewa jina kwa neno hili. Yusufu wa Kipro aliitwa na mitume Barnaba, Mwana wa Faraja (Matendo 4:36), na faraja hapo ni paraklesis.

Alifanya nini? Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi wote walimwogopa. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akamsemea (Matendo 9:27). Baadaye akamfuata mpaka Tarso, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima. Paulo alipomkataa Marko, Barnaba alikuwa tayari kutengana na Paulo kuliko kumwacha kijana yule. Maneno ya kutia moyo aliyasema pia (Matendo 11:23), lakini miguu yake ilikuwa imeshafika.

Yangu haikufika. Nilimwambia mwenzangu ajipe moyo mwenyewe, wakati ushahidi wake ninao mimi.

Kikao chake ni kesho saa nne asubuhi. Nimeomba niingie naye, niseme nilichokiona. Naogopa, sifichi, maana kibarua changu pia kinaweza kuota nyasi. Lakini sasa nikimwambia "jipe moyo", nitakuwa nimekaa kiti cha pembeni yake.

Wewe je, nani anasubiri ufike, na umemtumia ujumbe tu?