MAJI YA DELTA HAYANGOJI MAKARATASI



Ni watu gani waliohesabiwa kuliko watu wa Rufiji? Mwaka 1998 ulianzishwa huko mpango wa kuandika, nyumba kwa nyumba, nani kazaliwa, nani kafa na kwa maradhi gani. Mpango ulioendeshwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Elimu ile imesomwa Ulaya na Marekani. Twauliza: mwenye kuhesabiwa amepata nini?

Hatuupingi utafiti. Rufiji yenyewe ni shahidi kuwa hesabu yaweza kuokoa roho. Fedha za wilaya zilipoelekezwa kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua khasa, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Basi njia yajulikana. Lawama yetu ni kwa wenye kuijua njia wakakaa kitako.

Tazameni kifua kikuu. Mwaka 1977 Tanzania, pamoja na Dakta Karel Styblo, ilianza mpango wa taifa wa kukipiga vita, na Shirika la Afya Duniani likaja kuueneza mfano wake ulimwenguni. Dunia ilijifunza kwetu! Mwaka 2010 shirika hilo liliidhinisha mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi na kutoa jibu kwa muda usiotimia saa mbili. Lakini mashine ile yataka umeme wa uhakika na mtu aliyefunzwa. Makao yake ni hospitali na vituo vikubwa. Mgonjwa wa visiwani hungoja maji yajae, akavuka mikoko, akalipa nauli ya mashua hadi Nyamisati, kisha akatafuta gari la Kibiti. Saa mbili za mashine zimekuwa siku nzima za mgonjwa, na nyumbani wanawe wavuta pumzi moja naye.

Mama mja mzito dhiki yake ni maradufu. Maradhi haya humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni. Hata asiye na mimba yaweza kumwingia katika mirija ya uzazi yakamnyima kizazi, kisha mtaani akaitwa tasa. Hata hivyo, mara ngapi mama hupimwa tumbo leo, akaambiwa kikohozi chake akilete siku nyingine? Siku nyingine ni nauli nyingine.

Mabwana husema watu wa delta huchelewa kwa ujinga na kwa kuamini waganga. Huo ni uzushi wa mtu aliyekaa chini ya feni. Dawa ya kifua kikuu hutolewa bure, na sera yamsamehe mja mzito malipo. Lakini bahari haijamsamehe mtu nauli. Anayechelewa amecheleweshwa.

Mwaka 2007 Serikali iliahidi, katika Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Muhula wake ulikwisha mwaka 2017. Waulizeni watu wa Salale, Msala na Kiongoroni waliyoyaona. Na Aprili 2024, mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, nani hakuona kuwa huduma isiyo na chombo majini si huduma?

Wala tusingoje sadaka. Mwaka 2025 Marekani ilifunga mkono wake, na mipango ya afya ya nchi nyingi za Afrika ikayumba. Uhai wa mama wa Mbwera hauwezi kutegemea ghadhabu za Washington.

Twadai mambo matatu. Iwepo mashua ya afya yenye zamu inayojulikana, iendayo kwa majira ya maji, ndani yake mkunga na mpimaji pamoja. Makohozi yasafiri badala ya mgonjwa, na jibu lirudi kwa simu. Kila mama afikaye kliniki aulizwe khabari ya kikohozi siku ile ile, na kila mwenye kikohozi aulizwe khabari ya uzazi wake.

Haya si makubwa. Waliohesabiwa miaka yote hii wana haki ya kuhesabika.