Ndege ya mu simu na falanga ya nyumba

Jioni, vijana wakipanda kutoka mashimoni hapa Mongbwalu, matope ingali kwa miguu, simu ndiyo inatoka mfukoni kwanza. Wengi hawatazami tena pari ya mpira. Wanafungua Aviator, ile ndege ndogo nyekundu inayopaa pamoja na namba yake, mara 1, mara 2, mara 5, kisha inapotea ghafla. Ukitoa falanga zako mbele haijapotea, umekula. Ukichelewa, zimekwenda.

Kwa mama anayengojea pesa ya minerval kule Bunia, mchezo huu unafanana na uchawi ao wizi. Sisi tunaona ni biashara iliyopigiwa hesabu vizuri sana, na njo maana ni vigumu kuishinda.

Aviator ilitoka 2019, kazi ya kampuni Spribe yenye asili ya Georgia, ile nchi jirani ya Urusi. Makampuni ya pari ndiyo yanaiweka mu simu zetu. Mbele ndege haijaruka, mashine yao inafungia namba ya siri na kuonyesha muhuri wake. Simu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka pari zinaongeza namba zao, vyote vinachanganywa kwa hesabu inayoitwa SHA-512, na hapo njo inajulikana ndege itapotelea wapi. Kisha muhuri unafunguliwa, anayetaka anahakikisha. Kwa hiyo zile programu za "kutabiri Aviator" zinazouzwa kwa WhatsApp na Telegram ni uongo mtupu: namba yenyewe haijazaliwa bado.

Mchimbaji anajua kuogopa mizani ya negosian. Hapa mizani haidanganyi, lakini ushuru umo ndani yake: kwa kila falanga 100 zinazowekwa, kwa wastani 97 zinarudi kwa wachezaji, 3 zinabaki. Tatu tu? Ngoja. Ndege moja haimalizi hata dakika. Mtu mwenye 5.000 anaweka 1.000, anakula, anapoteza, anarudia, na akifikisha ndege mia moja amezungusha 100.000. Ushuru unahesabiwa juu ya zile 100.000, si juu ya zile 5.000 alizokuja nazo. Tena hizo 97 hazirudi kwa aliyeziweka. Kufika mara 2 kunatokea kama safari 48 hivi kwa 100, na mara 10 haifiki safari 10.

Basi kwa nini watu hawaachi? Hapa njo kuna ufundi wa kutangaza. Pembeni ya ndege kuna orodha ya wanaokula sasa hivi, ila anayelia humsikii. Mara kwa mara "mvua" ya pari za bure inanyesha kati ya wanaoongea mule ndani. Kuna pia kucheza kwa pesa ya mchezo, ili mkono uzoee. Na yule kaka anayekutumia code promo? Mara nyingi mapatano yake ni kupewa asilimia ya pesa ambayo watu aliowaleta watapoteza. Ukipoteza, yeye analipwa.

Hata mchezo usioomba falanga una bei yake. Mu 2024 tuliona watu wakigonga panya wa Hamster Kombat kwa Telegram usiku kucha. Kila siku uliwatuma kujiunga na kanali na kutazama video, na hizo kanali zikajaa watu. Siku ya malipo, tarehe 26 Septemba, wengi walipata dola chache tu, na mega walikuwa wamezilipa wenyewe.

Kule Ufaransa, sheria ya 2010 inaruhusu mu intaneti pari za michezo, mbio za farasi na poka. Kasino imekatazwa, na ndege ya namna hii iko upande wa kasino.

Kwetu, ujumbe wa Airtel Money na M-Pesa unabaki mu simu. Siku ya kugawana, ndugu mchimbaji, ufungue, ujumlishe uliyotuma kwa pari tangu mwezi uanze, uondoe uliyopokea. Ufanye hesabu hiyo na mke wako akiwa pembeni, ao mupigiane simu kama yuko Bunia, mbele PDG hajaanza kuhesabu mifuko mingine.