Usiseme Hiyo ni ‘Kalenjin Mbovu’

Kabla sijaacha chuo, nilikaa chumba kimoja na msee wa Mariashoni, kule juu msitu wa Mau. Jioni akimpigia nyanyake simu, mimi mwenye kujua Kitugen nilikuwa nasikia nusu, nusu inanipita. Siku moja nikamcheka: “Buda, hiyo ni Kalenjin mbovu.” Tangu siku hiyo akawa anatoka nje kuongea na nyanyake.

Kumbe haikuwa mbovu. Ilikuwa Kiogiek, lugha ya Waogiek, warina asali na wawindaji wa Mau. Ni ndugu ya Kikipsigis, Kinandi na Kitugen, na ndugu si lazima wafanane sauti.

Isitoshe, jina Kalenjin lenyewe ni la juzi. Maana yake ni “nawaambia”, na lilianza kushika miaka ya 1940 ili kuunganisha jamii zetu. Lilitusaidia, sikatai. Lakini niambie, ni nani anayezungumza Kalenjin tupu? Kila mtu ana yake ya nyumbani. Sasa hiyo sanifu ya kumchekea Mwogiek tuliitoa wapi?

Unadhani ni mzaha tu? Waogiek walipoishtaki serikali kwa kuwafurusha Mau, kesi ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Serikali ilijitetea kwamba Waogiek si jamii ya kipekee, ni mchanganyiko wa jamii mbalimbali. Mahakama ilikataa hoja hiyo na tarehe 26 Mei 2017 ikaamua haki zao zilikiukwa. Mwaka 2022 ikaagiza walipwe fidia.

Nikisoma hayo, naona aibu. Maneno yangu ya chumbani na utetezi ule wa kortini ni kitu kimoja: nyinyi si watu wa kivyenu. Anayeambiwa hana lugha, kesho ataambiwa hana ardhi.

Kwa hivyo ukiwa kwenye matatu ya Njoro, umsikie kijana wa Nessuit akiongea na nyanyake, usimsahihishe. Muulize kwao hilo neno wanalitamkaje.

Mimi nilimtumia msee wangu ujumbe wiki jana, nikaomba msamaha. Alinijibu kwa Kiogiek. Nilielewa nusu, nikamwomba anifunze hiyo nusu nyingine.