Mboga za bustani ya kanisa zisiishie mnadani

Kabeji zilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililonitia shaka.

Ilikuwa Jumapili, katika usharika wetu hapa Morogoro. Ibada imekwisha, mnada umechangamka kama kawaida: jogoo, mkungu wa ndizi, trei la mayai, kisha mazao ya bustani ya kanisa. Bustani hiyo tuliianzisha kwa ahadi mbili. Kwanza, iwe ya kilimo hai, bila mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani. Pili, mavuno yagawiwe kwa wenye uhitaji. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni lishe, ndiye niliyesimama mbele ya waumini kueleza faida zake. Sasa naziona kabeji zisizo na tundu hata moja, katika msimu ambao viwavi walinimalizia zangu zote nyumbani.

Nikamfuata kijana anayetunza bustani. Akainamisha kichwa. "Mama, nilipiga dawa Alhamisi. Zikiwa na matundu hazipandi bei."

Alhamisi hadi Jumapili ni siku tatu. Kila kiuatilifu kina siku zake za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna, nazo huandikwa kwenye lebo. Zipo dawa za siku chache, zipo za wiki mbili na zaidi. Chupa alikwisha kuitupa, jina la dawa halikumbuki. Kabeji sita zilikuwa zimeshanunuliwa. Tulizirudisha na fedha za watu tukazirejesha, huku minong'ono ikizunguka uwanja mzima. Mzee mmoja aliniambia nimeliaibisha kanisa. Nilimjibu kuwa aibu ingekuwa kunyamaza mtu aende kumlisha mtoto wake kabeji ile, akiamini haina dawa kwa sababu sisi tulimwambia haina.

Kijana huyo simlaumu sana. Mnada unanunua kwa macho. Ukitaka mboga ipande bei lazima ing'ae, na ukitaka ing'ae kila wiki bila kukosa, siku moja utaishika bomba ya dawa. Mboga ya kugawiwa haina shida hiyo. Jani la mchicha lenye matundu ya wadudu likioshwa vizuri na kupikwa lina lishe ileile. Kwa hiyo ahadi yetu ya pili ndiyo iliyokuwa inailinda ile ya kwanza, nasi tuliivunja bila hata kuijadili kikaoni.

Siku hiyohiyo fungu la mchicha lilipandishwa hadi Sh5,000. Alilichukua mtu mwenye gari, kwa moyo mwema kabisa. Nyuma yake alikuwa amesimama bibi anayelea wajukuu watatu, ambaye amepalilia matuta yale tangu mvua zilipoanza. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34, kwa hiyo tunasogea, ila polepole. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa kaya nyingi ninazotembelea, mboga ya majani ni kitu cha kusukumia ugali tu, kiasi kidogo kando ya sahani. Bustani ya kanisa haiwezi kumaliza udumavu. Inaweza kuhakikisha kuwa kaya kumi au kumi na tano za jirani zinapata mchicha, matembele na viazi lishe kila wiki, na hilo si jambo dogo kwa mama mjamzito.

Nina neno pia kwa wale wanaodhani kila kitu cha asili ni salama. Majivu na mwarobaini sina ugomvi navyo. Maji ya tumbaku, ambayo wengine hunyunyizia vidukari, yana nikotini, nayo ni sumu hata ikitoka kwenye jani. Samadi mbichi ni hatari zaidi, kwa kuwa hubeba vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi ichanganywe na udongo hadi kuvuna zao linalogusa ardhi. Dawa yake ni mboji iliyoiva vizuri, ile ambayo rundo lake hupata joto la nyuzi 55 na zaidi na hugeuzwa mara kwa mara. Nasi tunajenga lundo letu, tunalimwagia maji siku mbili, kisha tunalisahau hadi kuku wanalitawanya.

Wazee wanasema mnada ndio unaolipa bili ya maji. Ni kweli, na kijana wa bustani naye anastahili posho, kwa sababu bustani inayotegemea watu wa kujitolea hufa kwaya ikienda safari. Basi tuuze kinachobaki. Mavuno yapimwe kwa mizani, yaandikwe kwenye daftari, kaya zilizopangwa zipate kwanza, ziada ndiyo iende mnadani. Tena mboga zifikishwe nyumbani kupitia jumuiya. Tusiwaite watu majina mbele ya madhabahu waje kupokea fungu la mchicha, maana wapo watakaolala njaa kuliko kusimama pale. Na jirani Mwislamu mwenye mtoto mwenye utapiamlo awemo kwenye daftari hilo kama wengine.

Atakayepeleka mboga apeleke na limau moja, aseme na neno moja: chai isinywewe pamoja na chakula, inyweke baadaye. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na limau husaidia. Matembele yatiwe mafuta kidogo ili vitamini A ipate kufyonzwa.

Kamati inakutana Jumamosi hii. Nimeomba kijana wa bustani awepo, na yule bibi pia. Kati ya wajumbe tisa tulio nao, hakuna hata mmoja anayeshika jembe pale.