VYOMBO VYA NYUMBANI: Amplifaya ndogo ya hedifoni

Katika nyumba nyingi za mjini kompyuta imekwisha kuchukua mahali pa gramafoni, na pengine hata pa redio. Jioni inapoingia, kijana huketi mbele ya kioo akisikiliza muziki, mama hutaka kusikia taarifa ya habari, na mtoto mchanga amelala chumba cha pili ambacho hakikutengwa ila kwa pazia. Ndiyo maana hedifoni imekuwa chombo cha amani nyumbani. Lakini baada ya siku chache malalamiko huanza: sauti ni ndogo, au ina mvumo, au besi haisikiki. Akipelekewa malalamiko hayo, muuzaji wa dukani huwa na jibu moja tu, kwamba mteja anunue amplifaya ndogo ya mezani.

Jibu hilo huwa kweli kwa baadhi ya watu, na kwa wengine huwa ni upotevu wa fedha. Kabla ya kufungua mkoba, mnunuzi hana budi kufanya jaribio lisilo na gharama. Achukue wimbo uliorekodiwa kwa sauti ya chini, ahakikishe kwamba sauti ya programu inayoucheza imefunguliwa yote, kisha aongeze sauti ya kompyuta yenyewe polepole. Kama masikio yamekinai kabla kipimo hakijafika mwisho, basi nguvu ipo ya kutosha, na amplifaya haitamwongezea kitu anachokihitaji. Kama kipimo kimefika mwisho na bado anainamisha kichwa ili asikie, hapo pana haja ya kweli.

Haja hiyo hutokana na hedifoni zaidi kuliko kompyuta. Kila hedifoni ina tarakimu mbili ambazo huandikwa katika karatasi ya maelezo. Ya kwanza ni ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni wepesi wake wa kutoa sauti, yaani desibeli ngapi hupatikana kwa miliwati 1 ya umeme. Wanunuzi wengi huisoma ya kwanza na kuiacha ya pili, na hapo ndipo wanapopotea.

Ichukuliwe hedifoni ya omu 32 yenye wepesi wa desibeli 100 kwa miliwati 1. Ili vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiasi kinachotosha hata kwa rekodi zenye sauti ya chini, inahitaji miliwati 10, nazo hupatikana kwa volti 0.6 hivi. Kompyuta nyingi za kupakata zinaweza kutoa kiasi hicho bila taabu. Sasa ichukuliwe hedifoni ya omu 300 yenye wepesi wa desibeli 97. Kwa kilele kile kile inadai miliwati 20, na kwa sababu ya ukinzani wake mkubwa inahitaji volti 2.4 au zaidi. Tundu la kompyuta linalotoa volti 1 haliwezi kuifikisha huko, hata lifanyeje. Sennheiser HD 600, iliyotolewa mwaka 1997 na kupendwa na wasikilizaji wa muziki duniani kote, ni ya omu 300, na mwenye kuichomeka katika kompyuta ya kawaida asishangae akiiona imepooza.

Lakini omu peke yake hazisemi yote. HiFiMAN HE-6 ni ya omu 50 tu, na mtu asiyejua angedhani kwamba ni nyepesi kuendeshwa. Wepesi wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kuifikisha kwenye desibeli 110 kunataka karibu miliwati 450, yaani zaidi ya mara 20 ya ile ya omu 300. Sababu ni hesabu ya desibeli yenyewe: kila desibeli 10 zinazoongezwa hudai nguvu mara 10, ingawa sikio huona kama sauti imeongezeka mara mbili tu hivi.

Tena, watengenezaji hawatumii kipimo kimoja. Wengine huandika desibeli kwa miliwati 1, na wengine kwa volti 1, na tarakimu ya namna ya pili huonekana kubwa zaidi. Kwa hedifoni ya omu 32 tofauti ya vipimo hivyo ni desibeli 15 kamili, na kwa ya omu 300 ni desibeli 5 tu. Kwa hiyo asiyetazama kizio kilichoandikwa kando ya tarakimu hulinganisha embe na nazi. Vile vile, jina moja laweza kubeba vyombo mbalimbali. Beyerdynamic DT 770 PRO imeuzwa kwa omu 32, kwa omu 80 na kwa omu 250, na mnunuzi wa mtumba asiyegeuza ganda la sikio kusoma maandishi anaweza kupelekewa asichokitaka.

Malalamiko ya pili, yaani mvumo na mikwaruzo, yana asili nyingine. Ndani ya kompyuta mna feni, diski na mikondo inayokatika na kuwaka maelfu ya mara kwa sekunde, na sehemu inayogeuza tarakimu kuwa sauti imebanwa katikati ya vurugu hiyo. Ndiyo sababu mara nyingine kijana akisogeza kipanya husikia mlio katika hedifoni yake. Kuchomeka amplifaya katika tundu lile lile ni kuukuza uchafu pamoja na muziki. Dawa yake ni kutoa kazi ya kugeuza tarakimu nje ya sanduku la kompyuta, kwa kutumia kigeuzi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB.

Kigeuzi cha namna hiyo si lazima kiwe ghali. Kile cha Apple cha plagi ya USB-C, kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole kwa mbali, kilipotoka mwaka 2018 kiliuzwa kwa dola 9 za Marekani, nacho hufanya kazi katika kompyuta za kampuni nyingine pia. Toleo linalouzwa Marekani hutoa volti 1, na toleo la Ulaya hutoa nusu yake, kwa sababu ya sheria za huko za kulinda masikio. Kwa mwenye hedifoni ya omu 32 iliyo nyepesi, kipande hicho huondoa mvumo na kumaliza shauri. Wako wengi walionunua sanduku la dola 200 ili kuponya ugonjwa uliokuwa ukiponyeka kwa dola 9.

Yule ambaye hedifoni yake inadai nguvu kweli ndiye anayepaswa kuendelea na safari ya dukani, na kwake wakati huu ni mwema kuliko miaka 20 iliyopita. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy alitangaza michoro ya amplifaya ndogo aliyoiita Objective2, yenye kutumia betri mbili za volti 9 au umeme wa ukutani. Alitoa michoro hiyo bure, pamoja na vipimo vyake vyote, ili kuonyesha kwamba kazi safi haihitaji sehemu za anasa wala bei za kutisha. Mafundi wa nchi mbalimbali wakaijenga, na makampuni madogo yakaiuza ikiwa tayari. Mwaka 2012 mtu huyo alinyamaza ghafula, na jina lake la kweli halikutangazwa. Mwaka huo huo kampuni ya Schiit ya California ilitoa Magni kwa dola 99, na mwaka 2018 JDS Labs ya Illinois ikatoa Atom kwa bei hiyo hiyo. Watengenezaji wa China wakafuata kwa wingi. Tangu hapo, uchafu wa sauti katika amplifaya nzuri ya bei ya kadiri umekuwa mdogo kiasi kwamba sikio la binadamu haliwezi kuutambua. Anayeambiwa kwamba waya wa fedha utamfungulia pazia la muziki anauziwa maneno.

Basi yapasa kutazama nini? Baada ya nguvu, jambo lenye uzito ni ukinzani wa amplifaya yenyewe upande wa kutolea sauti. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, amplifaya isizidi omu 4. Ikizidi, hedifoni nyingi hubadilika tabia: besi huvimba na kulegea, au sauti za juu hupanda na kushuka bila mpango. Kipimo hicho katika Objective2 kilikuwa karibu nusu ya omu. Amplifaya ndogo zenye vali zinazowaka kama taa ya kandili hupendeza sana mezani, lakini baadhi yake zina ukinzani mkubwa, tena vali hupata joto la kuunguza vidole vya watoto.

Jambo la pili ni kipimo cha ukuzaji. Amplifaya nzuri huwa na swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo au mkubwa. Mnunuzi asivutiwe na mkubwa. Ukuzaji ukizidi, kirungu cha sauti hutumika katika robo yake ya mwanzo tu, na hapo ndipo virungu vya bei nafuu vina kasoro: sikio la kushoto husikia zaidi ya la kulia, au mguso mdogo hupandisha sauti kwa kishindo. Dukani, avae hedifoni yake mwenyewe, aanze na ukuzaji mdogo, kisha azungushe kirungu polepole kutoka sifuri. Sauti ya mwimbaji isimame katikati ya kichwa. Kama ni chombo cha mtumba, mkwaruzo wakati wa kuzungusha ni dalili kwamba kirungu kimechakaa. Mwisho, muziki usimamishwe na sauti iachwe pale pale alipozoea kusikilizia. Panapaswa kuwa kimya, wala pasisikike sauti ya upepo.

Umeme nao una mashauri yake. Amplifaya inayokula umeme wa USB haina kigeuzi cha ukutani, na umeme ukikatika usiku huendelea kwa betri ya kompyuta ya kupakata. Lakini tundu la USB la kawaida la toleo la 2.0 limeahidiwa volti 5 na wati 2.5 tu, kwa hiyo hedifoni nzito kama ile HE-6 hudai chombo cha kuchomekwa ukutani. Hapo mnunuzi aagizaye Marekani, au apokeaye zawadi kutoka kwa ndugu aliyeko huko, asome maandishi ya kigeuzi kabla ya kitu kingine chochote. Umeme wa huko ni volti 120, na wa nchi za Afrika Mashariki ni volti 220 hadi 240. Kigeuzi kisichoandikwa kwamba kinakubali zote mbili kitaungua siku ile ile, na plagi ya kubadilishia umbo la matundu haitakiokoa. Tena, amplifaya nyingi za namna hii hazipitishi maikrofoni. Kijana anayehudhuria masomo kwa kompyuta atahitaji maikrofoni ya pembeni.

Jambo lililobaki ndilo ambalo wauzaji hawalitaji. Chombo kinachoweza kuisukuma hedifoni ya omu 300 kinaweza pia kulijeruhi sikio kwa hedifoni ndogo ya kuchomeka sikioni, na sikio lililojeruhiwa namna hiyo halina dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto asizidi desibeli 75 kwa muda huo. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa 5 tu kwa juma zima. Tena amplifaya safi ina hadaa yake, maana sauti isiyo na mikwaruzo haiumizi mapema, na msikilizaji huongeza bila kujua. Kama mtu akivua hedifoni husikia mlio masikioni, au huwataka watu wa nyumbani warudie waliyosema, amekwisha kupita mpaka. Katika nyumba yenye watoto ni vema ukuzaji mdogo uachwe ndio wa kudumu, na hedifoni za sikioni zipewe kile kigeuzi kidogo badala ya amplifaya.

Chombo kikishafika nyumbani, kiwekwe mbali kidogo na simu na kisambaza intaneti, ambavyo huweza kukitilia mlio. Sauti ya kompyuta ifunguliwe yote na kazi ya kupunguza iachiwe kirungu cha amplifaya. Amplifaya nyingine hutoa kishindo zinapowashwa na kuzimwa. Kwa hiyo kila mara kirungu kirudishwe sifuri kwanza, amplifaya iwashwe, zihesabiwe sekunde chache, ndipo hedifoni ichomekwe. Wakati wa kuzima, hedifoni itangulie kuchomolewa.